Jiwe Hushinda Karatasi

Pale Tillers Fork, ambapo Karolina Kaskazini inaishia katikati ya shamba la soya la mtu na Karolina Kusini inaanza bila kubisha hodi, hakukuwa na aliyeujua mpaka kumshinda Hoyt Starnes. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msaidizi wa Bi Faye Hargett, mpima ardhi, na kazi yake hasa ilikuwa kutafuta mawe. Hati inasema: kuanzia jiwe lililo chini ya mwaloni, hatua mia nne hadi jiwe jingine kando ya kijito. Mwaloni ulishaanguka enzi za babu, kijito kimehama, na majirani wawili hawasalimiani hata kanisani. Ndipo anaitwa Hoyt. Anakuja na koleo na chuma chake kirefu cha kuchoma ardhi, anatembea polepole, anachoma, anasikiliza. Akisikia "ko", anapiga magoti na kufukua kwa mikono.

"Jiwe hushinda karatasi," ndivyo alivyowaambia watu, na hakuwa akijigamba. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yao: hati ikisema hatua mia nne, na jiwe likakutwa kwenye hatua ya mia nne na kumi, basi jiwe ndilo lenye haki na hati imekosea. Mara sita Hoyt aliitwa mahakamani kuapa ni wapi alilikuta jiwe fulani na lilikuwa limekaaje. Alivaa suti yake ya harusi, akainua mkono, akasema alichokiona kwa macho yake, na hakimu akaandika. Mtu ambaye shule aliiacha mapema, anasema neno na hakimu anaandika! Hakuna kitu duniani kilichompa Hoyt raha kama hiyo.

Sasa mtu huyo huyo, mjuzi wa mipaka, ndiye aliyekuwa akiiruka kuliko wote. Simlaumu peke yake, maana watu wa mpakani wote wana ugonjwa huo. Petroli wananunua Kusini kwa sababu kule ni nafuu. Fataki za sikukuu wananunua Kusini kwa sababu Kaskazini zimepigwa marufuku, halafu wanakuja kuzilipua Kaskazini na hakuna anayeona haya. Lakini Hoyt alizidisha. Miaka kumi na miwili nyuma, aliponunua pikapu yake, aliona kodi ya kusajili magari ya Kusini inampendeza zaidi, akaisajili kule kwa anwani ya kaka yake Vernon, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika nne kwa miguu. Ili kuisajili kule ilibidi awe na leseni ya udereva ya kule. Akaichukua pia, akaapa mbele ya karani kwamba analala kwa Vernon.

"Mpaka ni kamba tu," alizoea kusema, akicheka. "Mjinga hujikwaa, mjanja huruka."

Alikuwa na binti mmoja, Annalee. Mama yake, Rhonda, alifariki mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo Hoyt alimlea mwenyewe, akimsuka nywele upande upande na kumpikia mayai asubuhi na jioni. Nyuma ya nyumba yao, hatua arobaini na mbili kutoka mlango wa jikoni, lipo jiwe la mpaka la zamani, limechongwa herufi za jimbo moja upande huu na za jimbo jingine upande wa pili. Kila siku ya kuzaliwa, Hoyt alimkalisha Annalee juu ya jiwe hilo, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, akampiga picha. Picha kumi na saba zilitundikwa sebuleni. "Mtoto wa majimbo mawili," aliwaambia wageni, na wageni walicheka.

Kiangazi Annalee alipokuwa na miaka tisa, kisima chao kilikauka. Walibeba maji kwa madumu kutoka kwa Vernon, na kisima cha Vernon hakikupungua hata inchi. Mtoto akauliza kwa nini. Hoyt hakujua. Mtoto akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Jibu hilo halikumridhisha, na swali likamkaa rohoni miaka yote ile. Alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari alijua anachotaka bila kupepesa macho: kusomea maji ya chini ya ardhi, kwenye chuo kikuu kikubwa cha jimbo, kwa sababu hapo tu ndipo somo hilo lilifundishwa kama alivyolitaka. Kwingine hakutaka hata kusikia.

Mwalimu Trivette, mshauri wa wanafunzi, alizitazama alama zake akatabasamu. "Wa tatu darasani, na ni mtoto wa Kaskazini," alisema. "Chuo kile ni chenu, kimejengwa kwa ajili yenu. Sikuapii, binti yangu, lakini ningekuwa wewe ningeanza kutafuta mashuka."

Mwezi wa Oktoba Annalee alituma maombi. Pamoja na maombi kulikuwa na fomu nyingine, ya ofisi inayopima ukaazi, yaani kuamua nani ni wa jimbo na nani wa nje. Aliijaza mezani jikoni.

"Baba, nipe leseni yako."

Hoyt alikuwa anageuza mayai. Alichomoa pochi akamrushia bila kugeuka. Nimelifikiria sana jambo hilo, na najua wengi pale Tillers Fork walilifikiria baadaye: mtu ambaye hawezi kuona jiwe bila kuuliza limetoka wapi, hakuuliza leseni inatakiwa kwa nini. Kwake ile ilikuwa karatasi, na karatasi haikuwahi kumtisha. Annalee, kwa uaminifu wa mtoto aliyelelewa kuambiwa ukweli ni kitu kitukufu, akaandika namba ya leseni, namba ya gari na jimbo vilikotoka. Akabonyeza.

Jibu lilikuja tarehe tatu Desemba. Hoyt alirudi kazini akamkuta binti yake amekaa mezani na koti mwilini, kompyuta iko wazi mbele yake.

"Baba, wameniandika mtu wa nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje ya jimbo. Wanasema mimi si wa hapa."

Hoyt alicheka, tena kicheko kikubwa. "Waambie waje niwaonyeshe jiwe! Hatua arobaini na mbili kutoka mlango wa jikoni!"

"Hawana shida na jiwe, Baba. Wameuliza leseni yako. Wameuliza gari. Vyote ni vya Kusini."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alivuta kiti, akakaa, akasoma lile jibu mara mbili huku kidole kikifuata mstari. Nyumba yake ilikuwa Kaskazini. Kazi yake, kanisa lake, kaburi la mkewe, vyote Kaskazini. Na hapakuwa na hata neno moja pale lililouliza hayo.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa Mwalimu Trivette, ameshika kofia kwa mikono miwili. Mwalimu hakutabasamu safari hii.

"Nisikilize vizuri, Bwana Starnes. Katika kila nafasi mia za chuo kile, za watu wa nje ni kumi na nane. Na watu wa nje ni nani? Ni majimbo mengine yote, na dunia nzima. Mtoto wa ndani naweza kumkisia. Wa nje sikisii."

"Lakini alama zake..."

"Alama zake ni nzuri. Na za yule msichana wa mwaka jana wa shule ya ng'ambo, hapo Kusini, zilikuwa nzuri zaidi. Wa kwanza darasani. Walimkataa. Wakamchukua mvulana wa kumi na nne, anayepiga lile zumari kubwa lenye sauti ya chura. Kwa nini? Labda bendi yao ilikosa chura. Labda aliandika insha tamu juu ya bibi yake. Labda aliyelisoma faili lake alikuwa ametoka kula. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kiti hiki, na nikikwambia najua wanavyochagua, nakudanganya."

"Basi nifanye nini?"

"Kata rufaa. Lakini itabidi uieleze hiyo leseni. Kwa maandishi, na kwa kiapo."

Neno la mwisho ndilo lililomchoma.

Jumamosi Vernon alikuja na mfuko wa karanga za kuchemsha, zinachuruzika maji ya chumvi, akajitupa kwenye kiti cha sebuleni. Vernon ni mkubwa kwa Hoyt kwa miaka minne na kwa kilo arobaini, na hana aibu na vyote viwili.

"Mdogo wangu, unalilia njaa na chakula kiko mezani," alisema akitafuna. "Leseni yako inasema unaishi kwangu. Gari linasema hivyo hivyo. Haya, mwache mtoto naye aishi kwangu! Aombe chuo cha Kusini, aingie kama wa ndani. Nitaandika barua kwamba analala chumba cha nyuma. Nani atakuja kupekua mashuka?"

Hoyt alikuwa anapiga hesabu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Miaka kumi na miwili ya kuruka kamba haitoki miguuni kwa siku moja. Alikwishafungua mdomo kuuliza barua hiyo iandikwe tarehe gani, Annalee alipoingia kutoka jikoni.

"Baba mkubwa, chuo hicho kinafundisha maji ya ardhini?"

"Aa, mama, chuo ni chuo tu. Utasoma kingine. Si kuna uhasibu?"

"Sitaki." Aligeuka kwa baba yake, na sauti haikupanda hata kidogo. "Na wewe, Baba, nimechoka kurushwa. Tangu mdogo unanikalisha juu ya lile jiwe, unacheka, wageni wanacheka. Haya, leo niambie bila mzaha. Mimi ni wa wapi?"

Mara sita mahakimu walimuuliza Hoyt Starnes kitu kiko wapi, na mara sita alijibu papo hapo. Sasa alitazama picha kumi na saba ukutani, akatazama sakafu, akatazama karanga za kaka yake. Alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Vernon alifunga mfuko wake taratibu, akasema amesahau kumfungia mbwa, akaondoka.

Barua Hoyt aliiandika siku tatu. Mwanzo ilikuwa kurasa nne, zimejaa historia ya ukoo wa Starnes na ubora wa udongo wao. Annalee aliisoma akairudisha. "Umesema kila kitu isipokuwa ulichofanya," akamwambia. Akaandika upya, ikawa nusu ukurasa: Nililala Kaskazini siku zote. Niliapa kwamba nalala Kusini. Niliapa uongo. Binti yangu hakuwa na habari.

Kabla ya kuituma alimpelekea Bi Faye. Bi Faye Hargett alikuwa na miaka sabini na minne, mwembamba kama fito zake za kupimia, na ofisi yake ilikuwa imejaa ramani mpaka chooni. Aliisoma barua amesimama. Kisha akakaa.

"Unajua hii itafanya nini, Hoyt?"

"Najua, bibie."

"Hujui. Ngoja nikwambie. Kesi ya mashamba ya Funderburk ni Februari. Utasimama pale useme jiwe ulilikuta kando ya mzizi wa msonobari. Wakili wa upande wa pili atainuka na karatasi hii. 'Bwana Starnes, si wewe uliyeapa uongo kuhusu kitanda chako mwenyewe?' Utamjibu nini?"

"Nitamjibu ndiyo."

"Basi hutasimama. Si Februari, si siku nyingine yoyote. Kazi utaendelea nayo, lakini kiapo changu sitakiweka tena kinywani mwako."

Hoyt aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima. Akaikunja barua kuirudisha kwenye bahasha.

"Sikiliza," Bi Faye akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wote tunajua kanisani wanavyosema, kwamba amelaaniwa mtu anayesogeza jiwe la mpaka la jirani yake. Wewe hukusogeza la jirani. Umesogeza la mwanao."

Barua ilikwenda. Tarehe sita Januari Hoyt alisimama kwenye foleni ya leseni ya Kaskazini, akaitoa ile ya Kusini, karani akaitoboa tundu katikati na kuitupa kwenye sanduku. Jioni hiyo alifungua namba za Kusini kwenye pikapu, akafunga mpya. Skrubu za nyuma zilikuwa zimeshika kutu, akazipiga nyundo mpaka kidole kikapasuka. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo kutazama, na kufika Jumatano, kwenye chakula cha jioni cha kanisa, hakuna ambaye hakuwa na habari. Mshika mbili moja humponyoka, watu wakasema, wakipitishiana maharage.

Jibu la rufaa lilikuja tarehe ishirini na moja. Lilikuwa la adabu. Wanamshukuru Bwana Starnes kwa kusema kweli. Wamezingatia nyumba, kazi na kaburi. Hata hivyo, mzazi anapokuwa ameapa rasmi kuwa mkaazi wa jimbo jingine, ukaazi wake unahesabiwa tangu siku alipokana kiapo hicho, na inatakiwa miezi kumi na miwili kamili. Alikikana tarehe sita Januari. Binti abaki kwenye kundi la nje. Majibu ya vyuo yatatoka Ijumaa ya tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni.

Zilibaki siku tisa, na kama kuna mtu aliyewahi kuzeeka kwa siku tisa ni Hoyt Starnes. Aligundua kwamba wapo wazazi na watoto wa nchi nzima wanaoandika mitandaoni nani kakubaliwa na nani kakataliwa mwaka uliopita, akawa anasoma hayo akiwa kazini, akiwa mezani, akiwa amesimama kwenye kituo cha petroli huku bomba limeshajaza. Mtoto wa Oregon, alama za juu kabisa, kakataliwa. Mtoto wa Texas, alama za kawaida, kakubaliwa. Mapacha wa New Jersey, shule moja, alama moja, insha zimesahihishwa na mama mmoja: mmoja ndani, mmoja nje. Alitafuta kanuni kama anavyotafuta jiwe. Alichoma hapa, akachoma pale, na chuma chake hakikugonga kitu popote. Ardhi ya namna hiyo hakuwahi kuiona.

"Mapacha kabisa?" alimuuliza Annalee.

"Baba, acha kusoma hizo."

"Mimi nataka kujua tu wanaangalia nini."

"Kila mtu anataka kujua. Kula."

Yeye mwenyewe hakuwa anakula. Alichezea uma, akaenda kulala na jua bado halijazama vizuri, na Hoyt alimsikia akitembea chumbani. Siku ya saba alimkuta ameshika picha ya kwanza kati ya zile kumi na saba, ile ambayo Rhonda anaonekana mkono tu, umemshikilia mtoto mgongoni asianguke. Hoyt alirudi nyuma kimya kimya.

Ijumaa Bi Faye aliwaruhusu watu mapema bila kutoa sababu. Saa kumi na dakika arobaini Vernon alifika na keki ya nazi, akaambiwa aiweke juu ya jokofu na akae asiseme neno, akakaa asiseme neno, jambo ambalo halijarudiwa tena. Annalee alioga, akavaa sweta safi, kana kwamba watamwona. Hoyt alisimama nyuma ya kiti chake. Alitaka kumwekea mkono begani, akaogopa.

Saa kumi na moja kamili ukurasa ulikataa kufunguka, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inagonga mlango huo mmoja. Saa kumi na moja na dakika mbili, vile vile. Vernon alianza kupumua kwa sauti. Saa kumi na moja na dakika sita ukafunguka.

Annalee alisoma mpaka mwisho. Hakuruka mstari.

"Hapana," akasema. "Wamesema hapana."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawasemi, Baba."

"Hawasemi kabisa? Soma chini."

"Chini wananitakia kila la heri."

Alifunga kompyuta, akainuka, akaishusha keki ya watu kutoka kwenye jokofu. Akamkatia baba yake mkubwa kipande, akamkatia baba yake, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Wanaume wawili wakabaki wanatazama nazi. Vernon ndiye aliyelia, kwa sauti, na Hoyt ndiye aliyembembeleza.

Laiti wangesema kwa nini. Wangesema ni leseni, Hoyt angejitwika mzigo wake wote na kujua uzito wake. Wangesema ni alama, angepumua. Jumatatu Mwalimu Trivette alimwambia mengine yaliyozidi kumchanganya: wa tano na wa tisa wa darasa la Annalee, watoto wa Kaskazini wenye karatasi safi, wote wawili wameingia, wa pili, karatasi safi vile vile, amekataliwa. Na mpwa wa mchungaji, mtoto wa Ohio, mtu wa nje halisi, alama chini ya za Annalee, ameingia. "Angekuwa wa ndani angepata?" Hoyt aliuliza. Mwalimu alivua miwani. "Nafikiri ndiyo," akasema. "Lakini kuapa, siapi." Hoyt alielewa kwamba atakufa bila kujua.

Annalee hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimpikia, akamfulia, akamjibu "ndiyo, Baba" na "hapana, Baba". Chuo kidogo cha Wabaptisti kule milimani kilimwandikia kikimkubali, karatasi ina maua pembeni. Akawashukuru na kukataa. Siku yake ya kuzaliwa mwezi Machi, Hoyt alitoa kamera, akaitazama, akairudisha kabatini mwenyewe. Ukuta ulibaki na picha kumi na saba. Februari kesi ya Funderburk ilisikilizwa, na kijana kutoka mjini, aliyefundishwa na Hoyt mwenyewe lile jiwe lilivyokaa, alisimama akaapa. Hoyt alikaa benchi la nyuma na nguo za kazi.

Tarehe nane Juni, Jumatatu ya kwanza baada ya mahafali ya shule, alitoka asubuhi akamkuta binti yake ameshakaa ndani ya pikapu. Alivaa buti za mama yake na kofia ya jua.

"Nikupeleke wapi?"

"Kazini. Bi Faye amenipa fito. Wewe utashika darubini ya kupimia, macho yake hayafiki tena."

Hoyt alisimama na ufunguo mkononi. "Hii ni kazi ya mpaka lini?"

"Mpaka tarehe sita Januari. Miezi saba kasoro siku mbili. Dirisha la pili la maombi linafungwa tarehe kumi na tano, kwa hiyo nitakuwa wa ndani kwa siku tisa." Alikuwa ameyasema haya peke yake mara nyingi, ilionekana. "Na usiniambie nitapata. Hata wa ndani hawaahidiwi. Yule wa pili alikuwa wa ndani."

"Sikwambii."

"Basi twende."

Hawakwenda mbali. Shamba la kupimwa lilipakana na lao, na kipimo kilipaswa kuanzia kwenye jiwe la mpaka, lile lile la nyuma ya nyumba. Bi Faye alikwishafika, amekaa kwenye kiti cha kukunja na chai yake ya baridi. Hoyt alisimamisha darubini kando ya mlango wa jikoni, kwenye miguu yake mitatu, akaisawazisha. Annalee alichukua fito yenye namba za vipimo akavuka nyasi, hatua arobaini na mbili, akaweka ncha ya fito juu ya msalaba uliochongwa kichwani mwa jiwe.

Fito hushikwa kwa kusimama huku na huku ya jiwe, mguu mmoja kila upande, ndivyo inavyotulia. Hoyt ndivyo alivyomfundisha kila mtu. Annalee alitazama herufi zilizo upande mmoja, akazunguka akatazama za upande wa pili. Kisha akauondoa mguu wa kushoto kutoka Kusini, akauweka kando ya mwenzake, buti zote mbili zikakanyaga Kaskazini. Fito ikayumba kidogo. Akaikamata kwa mikono miwili mpaka ikatulia.

"Soma, Baba," akaita.

Hoyt aliinama kwenye darubini. Alimwona binti yake karibu kabisa, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza fito, uso umekunjamana kwa jua. Akafuta kioo kwa shati. Akakifuta tena. Kioo kilikuwa safi.

"Hoyt," Bi Faye akasema, "namba ngapi?"

Hoyt akakifuta kioo kwa mara ya tatu. Bi Faye aliweka chai chini, akainuka, akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akaikazia macho yake mabovu ile darubini mpaka akaisoma mwenyewe.